Mwaka Tuliohamia Mageti

Siku mume wangu alipopandishwa cheo, alirudi nyumbani amenuna. Habari nilikuwa nimeshazisikia tangu mchana, kwa mke wa mwenzake wa ofisini, nikanunua kuku, nikapika pilau, nikawaambia watoto wampongeze baba yao akiingia tu. Akaingia, akapokea pongezi kama mtu anayepokea rambirambi, akakaa kwenye kochi na viatu vyake miguuni.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Wameniuliza ninakaa wapi."

"Ukasemaje?"

"Nikasema Gongoni. Wakatazamana."

Pilau ikapoa. Kuanzia jioni ile, nyumba ambayo tulikuwa tumeishi miaka tisa bila kero kubwa ikawa aibu.

Ilikuwa nyumba ya kupanga, vyumba vitatu, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Sitaki kuisifia kupita kiasi. Maji yalitoka siku mbili kwa wiki. Malori ya saruji yaliegesha mlangoni mpaka tukawa tunapita upandeupande kama kaa. Mashine ya kusaga ya jirani ilinguruma tangu asubuhi, na vumbi la sembe lilitua juu ya nguo zilizoanikwa. Lakini mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na shule yangu ilikuwa dakika kumi kwa miguu. Binti yangu mdogo, aliyekuwa darasa la pili, alisoma hapohapo. Mkubwa, wa kidato cha pili, alikwenda shuleni kwa miguu na wenzake. Chumvi ikiisha ninapita kwa jirani kuomba. Mimi maisha nilikuwa ninayaweza.

Tena tulikuwa na baba mkwe. Tulimchukua kutoka Kigwa baada ya mama mkwe kufariki. Ujanani alifanya kazi ya kutengeneza njia ya reli, kupiga nyundo na kubadilisha mataruma, kisha akastaafu akalima karanga. Pale Gongoni alilalamika kila siku. Mashine inamtoboa masikio. Watu wanapita dirishani. "Mji huu," alisema, "mtu hawezi hata kukohoa bila jirani kumwambia pole." Mimi nilichukulia kuwa ni malalamiko ya mzee aliyefiwa, yataisha akizoea.

Mume wangu aliyachukulia kama hoja. "Baba anahitaji utulivu," akawa anasema kila tulipogusa habari ya kuhama.

"Baba anahitaji watu," nikawa namjibu.

Tulibishana hivyo kwa wiki kadhaa, na Baba mwenyewe amekaa chumba cha pili anasikiliza redio. Hakuna aliyekwenda kumuuliza.

Basi ikaanza misako ya Jumamosi. Mume wangu alinunua daftari akaandika anachotaka: uzio, geti, maji ya uhakika, majirani wanaoeleweka. Nikamuuliza wanaoeleweka na nani, akafungua ukurasa mpya. Mimi nilitaka kitu kimoja tu, karibu na shule. Binti mkubwa alitaka chumba chake peke yake na mtandao wa simu usiokatika. Mdogo alitaka mbwa. Dalali tuliyempata alikuwa mtu mzima mwenye miwani ya jua ambayo hakuivua hata ndani ya nyumba za watu, na kwake kila nyumba ilikuwa "dakika kumi tu kutoka mjini". Labda kwa kunguru.

Tulisafiri hivi: Baba kiti cha mbele, fimbo katikati ya magoti, mume wangu kwenye usukani, mimi, mabinti na dalali tumebanana nyuma, marashi ya dalali yananipanda kichwani. Nyumba ya kwanza ilikuwa na mabafu manne, na katika mabafu yote manne hapakuwa na tone la maji. "Maji yanakuja," dalali akasema. Nikauliza yanakuja kutoka wapi. "Mradi, mwalimu. Mradi." Ya pili mwenyewe alikuwa Dar es Salaam, akataka kuongea na mimi kwenye simu, akaniambia rangi ya ukuta ni mpya, kwa hiyo watoto wasiuguse. Nikamuuliza kwa muda gani. Akasema, "Kwa muda wote." Ya tatu dirisha la jikoni lilitazamana uso kwa uso na chumba cha kulala cha jirani, kiasi kwamba tulimkuta jirani anavaa soksi, tukasalimiana.

Katika kila nyumba Baba aligonga kuta kwa fimbo, akasimama katikati ya sebule na kuuliza, "Kigwa iko upande gani?" Hakuna aliyejua. Akawa anajijibu mwenyewe, ananyoosha mkono, kisha anarudi garini kukaa. Nilimhurumia sana. Nilijiambia, mtazame, anatafuta kwao.

Jumamosi moja, tukiwa kwenye barabara ya vumbi nje ya mji, dalali akatuambia kwa sauti ya mahubiri kwamba tunapita njia ya heshima, njia ya misafara ya zamani. Matajiri wa pembe za ndovu wote walipita hapa. Nikamwambia walipita, hawakukaa. Mume wangu alinitazama kwenye kioo na hakucheka.

Nyumba tuliyoishia kuichukua ilikuwa huko, upande wa Itetemia, mahali ambapo miaka ya nyuma palikuwa mashamba ya mihogo. Sasa wamejenga watumishi wakubwa na wafanyabiashara. Watu wa mjini wanauita Mageti, kwa sababu ukipita huoni nyumba, unaona mageti tu, jeusi, jekundu, lenye simba, lenye tausi. Letu lilikuwa na simba wawili. Ndani vigae vinavyoteleza, dari yenye maua, na bomba la jikoni ambalo mume wangu alilifungua na maji yakatoka kwa nguvu. Akanitazama kana kwamba kisima alikichimba yeye.

"Nyumba ni nzuri," nikasema, "lakini si yetu."

"Tujaribu mwaka mmoja. Ikishindikana tunarudi."

Nikakubali. Kwa muda mrefu nimewaambia watu kwamba nilikubali kwa ajili ya amani ya ndoa. Si kweli. Nilikubali kwa sababu nilichoka na zile Jumamosi. Nguo zilikuwa hazijafuliwa, madaftari ya wanafunzi hayajasahihishwa, na miwani ya yule dalali sikutaka kuiona tena. Nadhani watu wengi huchagua mahali pa kuishi hivyo hivyo, siku wanapochoka kutafuta.

Wiki ya kwanza nilichemsha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, nikapika na karanga, nikajaza sahani, nikaenda kwa jirani wa kulia kujitambulisha. Nikapiga hodi getini. Mlinzi akafungua kidirisha kidogo, nikaona jicho moja.

"Una miadi?" akauliza.

"Mimi ni jirani. Nimeleta michembe."

"Wenyewe hawapo. Walikuambia uje?"

Nikarudi na sahani yangu. Niliila sahani yote peke yangu, nimekaa kwenye ngazi za nyumba yangu, kwa hasira.

Majirani wa Mageti walikuwa wanaishi kwenye simu. Mume wangu aliniingiza kwenye kundi la mtaa, na humo nikajifunza kwamba nguo zisianikwe upande wa barabara, takataka zitolewe Jumanne, na watoto wasicheze nje ya uzio kwa usalama wao. Baba alikuwa ameletewa jogoo kutoka Kigwa. Siku ya tatu ukaja ujumbe: "Ndugu wakazi, kuna jogoo. Tafadhali." Hakutajwa mtu, hakutajwa nyumba. Mume wangu alitembea sebuleni huku na huku kama aliyeitwa mahakamani. Jumapili tukamchinja jogoo. Nilimwangalia Baba akila paja la jogoo wake mwenyewe, nikitegemea atalalamika, nipate wa kunisaidia. Akasema tu mchuzi ungeongezewa limau.

Lakini hayo yote yalikuwa madogo. Kilichonimaliza ni safari.

Gari lilikuwa moja na watu wanne wa kwenda mjini, kila mmoja na saa yake. Mimi zamu yangu ilianza kabla ya kengele ya kwanza. Binti mkubwa alitakiwa awe shuleni mapema kuliko mimi, na mume wangu alitakiwa ofisini baada ya sisi sote, kwa hiyo hakuona sababu ya kuharakisha. Saa kumi na moja na nusu alfajiri mimi niko mlangoni na mabinti, wamevaa, mdogo anasinzia kwa kuniegemea, na mume wangu anapangusa kioo cha gari kwa kitambaa.

"Tutachelewa," namwambia.

"Siwezi kufika ofisini na gari la vumbi."

"Litapata vumbi njiani!"

"Hilo litakuwa la leo. Hili ni la jana."

Mchana ndiyo usiseme. Zamani nilirudi nyumbani kula, nikalala hata robo saa. Sasa nilikuwa nakaa chumba cha walimu na kontena la wali uliopoa, nikimsubiri binti mkubwa aje tungoje pamoja, mpaka mume wangu atoke kwenye vikao. Na vikao vyake, tangu apandishwe cheo, havikuwa na mwisho. Mara nyingine tulifika nyumbani mdogo ameshalala garini na kazi zake za shule hajazigusa. Kulikuwa na bodaboda, naam, zingenifikisha kwa muda mfupi. Lakini mume wangu alikataa. Alisema mke wa mkuu wa idara hawezi kuonekana amepakiwa nyuma ya bodaboda na madaftari kichwani.

"Sijawahi kuweka madaftari kichwani," nikamwambia.

"Unajua ninachomaanisha."

Nilijua. Ndiyo maana nilianza kupanda kwa siri, siku ambazo namwambia awachukue mabinti, mimi nitapata lifti. Namwambia dereva anishushe kabla ya kona, pale penye nguzo ya umeme, kisha natembea mpaka getini nimenyanyua kichwa kama mtu aliyekuwa anapunga upepo. Siku moja mlinzi wetu wa usiku, mtu mpole kutoka Sikonge, aliniambia, "Mwalimu, mgongoni." Nilikuwa na vumbi kuanzia kisogoni mpaka kwenye visigino. Akaniletea ufagio wa chelewa, akanisaidia kupangusa mabega, mimi na umri wangu, natengenezwa kama mtoto aliyecheza mchangani, ili mume wangu asijue nimefikaje nyumbani kwangu.

Mvua zilipoanza, ile njia ya heshima ikaonyesha udongo wake. Ni udongo wa mbuga, mweusi, ukilowa unashika gurudumu kama gundi. Asubuhi moja gari lilizama mpaka kwenye mlango. Mume wangu akashuka na viatu vyake vya ofisi, akasimama kwenye tope, akawa anapiga simu kutafuta trekta. Mimi nikavua viatu, nikamweka mdogo mgongoni, nikamshika mkubwa mkono, tukatembea. Nilifika darasani kipindi cha pili kimeanza, nina tope magotini. Mwalimu mkuu alikuwa ananishikia darasa. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwalimu, si ulikuwa unakaa hapo nyuma ya duka?" Afadhali angenigombeza.

Jioni ile nilimwambia mume wangu yote niliyokuwa nimeyafungia. Nilimwambia kuhusu bodaboda. Nilimwambia kwamba binti mkubwa ameshuka kwenye mtihani kwa sababu anasoma garini. Nilimwambia sijui jina la jirani hata mmoja. Na mwisho nikatoa silaha yangu kubwa.

"Na baba yako? Umemfungia ndani ya ukuta kama mfungwa. Tunatoka alfajiri, tunarudi jioni, mzee wa watu anashinda peke yake anatazama saruji. Unajua anavyojisikia?"

Hilo lilimwingia. Akasugua kiuno. Kisha akakiri kwamba hata yeye mgongo unamuuma kwa mashimo ya ile barabara, na kwamba ofisini hakuna aliyemuuliza tena anakaa wapi, tangu siku ile hata mmoja. "Tukimaliza mwaka tunarudi Gongoni," akasema. Kesho yake mchana nilikwenda kwa mwenye nyumba yetu ya zamani. Ilikuwa bado ina nafasi. Nilitembea kurudi shuleni karibu nicheze.

Jumapili, baada ya ibada, tukiwa mezani, mume wangu akamwambia Baba. Alilieleza jambo taratibu, kama anampa zawadi: tumeona upweke wako, Baba, tumeona umevumilia, sasa tunakurudisha kwenye watu.

Baba akamaliza tonge. Akanawa. "Nendeni," akasema. "Mimi siondoki."

"Huondoki kwenda wapi, Baba?" nikauliza. Nilidhani hajaelewa.

"Hapa. Siondoki hapa. Nani kawaambia nina upweke?"

"Unashinda peke yako, Baba."

"Mnajuaje ninavyoshinda? Mnatoka kuku hawajashuka, mnarudi wamepanda. Mlidhani nakaa natazama ukuta?"

Ndipo tukasikia. Tangu mwezi wa kwanza, kila asubuhi tukishaondoka, Baba alikuwa akifagia mbele ya geti. Kwa jirani wa kulia, palepale nilipokataliwa na michembe, kulikuwa na bibi mmoja mzee, wa ukoo wa wafanyabiashara wenye asili ya Oman, aliyehamishwa na mwanawe kutoka nyumba ya familia iliyokuwa juu ya duka lao mjini. Naye alitolewa nje asubuhi kuota jua. Baba alimsalimu kwa mazoea, kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka!" Bibi akaitikia kwa Kinyamwezi kilichonyooka kuliko cha mume wangu, akauliza habari za mvua. Alikulia kwenye duka la baba yake karibu na stesheni. Baba yake alikuwa ananunua karanga na asali kwa wakulima na kuzisafirisha kwa treni. Tangu siku hiyo hawajaacha kubishana: treni gani ilikuwa inachelewa, nani alikuwa anapunja kwenye mizani, mwaka gani nzige walikuja.

Sikuamini. Kesho yake niliomba ruhusa shuleni, nikabaki. Baba alipofagia, akavaa kofia, akaenda zake kwa jirani, nikamfuata baada ya muda. Kile kidirisha kikafunguka, lile jicho likanitazama.

"Mimi ni mkwe wa mzee," nikasema.

"Aa! Si useme! Karibu, mama, karibu." Geti lote likafunguka.

Walikuwa wamekaa barazani, bibi kwenye kiti, Baba kwenye benchi, kahawa katikati yao na kisahani cha halua. Nikapiga magoti nikasalimia, "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayetaka kuniibia mtu wangu wa kubishana naye?" Baba alikuwa anacheka. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu msiba.

Ningetakiwa kufurahi, na watu wema wangefurahi. Mimi nilikasirika. Miezi yote ile nilikuwa nimelia kwa niaba ya mtu aliyekuwa anakula halua. Nilikuwa nimeubeba upweke wake kila mahali, nikautumia kila tulipogombana, na upweke wenyewe ulikuwa wangu. Nilirudi nyumbani nikafua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Mume wangu alipopata habari za niliyoyaona, alisema, "Si unaona? Nilikuambia Baba anahitaji utulivu." Nilikuwa na mfuniko wa sufuria mkononi. Nashukuru Mungu niliuweka chini.

Zikapita siku mbili tatu. Kumhamisha Baba kwa nguvu, hakuna aliyekuwa na moyo. Kumwacha peke yake, haiwezekani. Mwisho nikamwambia mume wangu, "Tunabaki. Ila mimi nanunua pikipiki, na nitaiendesha mwenyewe."

"Pikipiki? Hapa Mageti?"

"Hapa Mageti."

"Majirani watasemaje?"

"Hawasemi. Wanaandika."

Mwalimu mwenzangu wa michezo alinifundisha kwenye uwanja wa shule, Jumamosi tatu, watoto wa kitongoji wakinishangilia kila nilipoanguka. Nilianguka mara nyingi. Kisha nikapata leseni, nikaanza kuwapeleka mabinti kwa wakati, mmoja nyuma yangu na mwingine nyuma yake, jambo ambalo askari wa barabarani alinionya, ikabidi niende safari mbili. Hata hivyo tulifika kabla ya kengele. Ujumbe ulikuja kwenye kundi, bila jina kama kawaida: "Ndugu wakazi, kuna pikipiki." Nikaandika: "Ndiyo. Ni yangu. Habari za asubuhi." Hakuna aliyejibu, isipokuwa namba moja nisiyoijua iliyonitumia ujumbe wa pembeni, mama wa nyumba yenye tausi, akiuliza kama yule mwalimu wa michezo anafundisha na watu wengine.

Bado sipapendi. Nalisema hilo wazi, kwa sababu watu wakisikia habari ya kahawa na halua wanataka niseme nimepapenda. Barabara ni ileile. Binti mkubwa sasa tunamtafutia bweni. Mdogo hajapata mwenzake wa kucheza naye, na mbwa tuliyemnunua anaogopa watu.

Mwezi uliopita gari liliharibika, likalala gereji. Mume wangu alikuwa na kikao asubuhi, na bajaji huku kwetu haziji kukiwa na tope. Alisimama kwenye ngazi, suti, tai, mkoba mkononi, akaitazama pikipiki, akanitazama mimi. Sikumsaidia kwa neno hata moja. Niliwasha, nikavaa kofia ngumu, nikampa ya pili.

Akapanda. Tulipita mbele ya mageti yote, jeusi, jekundu, la tausi, walinzi wamesimama wanatusalimu kwa mkono. Alinishika kiunoni kwa nguvu mpaka nikakosa pumzi, na hakuniachia mpaka tulipofika ofisini kwake. Hapo akashuka, akanyoosha tai, akaangalia saa.

"Nimewahi," akasema, kama mtu aliyeonewa.